Kuajiri, kutegemea wa mashinani au kuazima taarifa: redio ya jamii ijenge timu gani ya habari?

Redio nyingi za jamii huku magharibi mwa Kenya huanza na leseni na mnara. Mtambo ukishawaka huja muziki, huja salamu za jioni, huja mahubiri ya Jumapili, halafu siku moja msikilizaji anapiga simu: na habari zetu, mnasoma saa ngapi? Hapo ndipo kamati hugawanyika. Mmoja atasema tuajiri mwandishi aliyesomea kazi. Mwingine atasema vijana wamejaa mtaani, wanachotaka ni kusikika hewani, waje wafanye bure. Wa tatu, na mara nyingi ndiye mweka hazina, atasema tuunganishe taarifa ya Nairobi saa moja usiku na yaishe.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja na vituo vingi vitaamua jambo hili mbio mbio. Niseme mapema ninakoegemea, ili anayesoma ajue ananibishia wapi: mtu mmoja wa kulipwa, mwenye mamlaka ya kumwambia mtangazaji "ngoja kwanza", anafaa kituo kidogo kuliko vijana kumi wenye simu nzuri. Lakini huyo mmoja asipokuwa na macho vijijini atageuka karani wa kupokea barua za ofisi ya gavana.

Njia zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni kuajiri: mhariri na ripota mmoja au wawili, wenye kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari inayolipiwa upya kila mwaka, wanaofika asubuhi, wanapanga taarifa ya mchana na ya usiku, na wanalipwa mwisho wa mwezi. Ya pili ni waandishi wa mashinani: mtu mmoja kila wadi, ana kazi yake nyingine, labda anaendesha bodaboda au ana kibanda cha M-Pesa, anatuma sauti kwa WhatsApp kukitokea jambo. Ya tatu ni kuazima: kituo kinakubaliana na shirika kubwa, kisha saa ikifika kinaunganisha matangazo yake. Mtambo ni wenu, sauti ni ya wenyewe.

Kuna ya nne, mtangazaji kufungua gazeti asubuhi na kulisoma hewani. Kusoma vichwa vya Taifa Leo kuna utamu wake na wasikilizaji hupenda, hasa mtangazaji akiwa mchekeshaji. Lakini gazeti lilichapwa usiku wa jana, halijui kuwa daraja la kwenu limesombwa alfajiri. Hiyo nimeiacha nje.

Pesa kwanza

Redio ya jamii nchini haiendeshwi kwa faida, na kanuni za utangazaji za 2009 zinaibana kwenye matangazo ya biashara: yanatakiwa yawe ya mambo yanayohusu jamii ya eneo hilo. Kwa hivyo msipige hesabu ya mishahara kwa kuota matangazo makubwa ya Nairobi. Mapato yenu ni duka la pembejeo, ni chama cha akiba na mikopo, ni shule inayotangaza nafasi za kidato cha kwanza, na zaidi ya yote ni matangazo ya vifo. Anayeijua nchi hii kuanzia Bondo hadi Bungoma anajua kuwa tangazo la matanga ndilo linalolipa umeme.

Kuajiri kwa mapato hayo kunawezekana, ila kamati nyingi huhesabu mshahara wa mkononi tu. Kuna makato. Mchango wa bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi, na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwake na nyingine 1.5 kutoka kwa mwajiri, kisha kuna NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ambayo nayo mwajiri hutoa sehemu yake. Mwandishi mmoja ni zaidi ya mwandishi mmoja kwenye vitabu vya hesabu.

Njia ya kukwepa imekuwa wafadhili. Mradi wa amani au wa afya unakuja, unalipa mhariri kwa miaka miwili, chumba cha habari kinachangamka, mradi unaisha, mhariri anaondoka na kompyuta zinabaki zimefunikwa kwa leso. Mwaka 2025 somo hilo lilikuja kwa ukali: Marekani ilisitisha misaada yake Januari, na kufikia Julai USAID haikuwepo tena kama shirika. Mashirika mengi yaliyokuwa yakishika mikono vyombo vidogo vya habari yalijikuta nayo yanatafuta wa kuyashika. Mkipata mfadhili, mpeni anunue vitu, rekoda, betri za sola, pikipiki. Mshahara wa mhariri utoke kwenye matangazo yenu wenyewe, hata ukiwa mdogo.

Waandishi wa mashinani huitwa wa bure. Si wa bure hata kidogo. Tuseme mna kumi, na kila mmoja mnamtumia shilingi 1,000 kwa mwezi za bando na nauli. Hizo ni 10,000. Mkiwaita kituoni mara moja kwa mwezi kwa mafunzo, ongezeni nauli ya kuja na kurudi, chai na chapati. Mkiacha kuwatumia, hawataandika barua ya kujiuzulu. Watanyamaza tu, na mtagundua baada ya wiki tatu kuwa kutoka wadi fulani hakuna habari iliyoingia, wala msiba wala mashindano ya mpira.

Kuazima ndiyo rahisi kuliko zote: makubaliano yaliyotiwa sahihi, intaneti isiyokatika au dishi, na mtu wa kuinua kitufe cha mikser kwa wakati. Sahihi ni muhimu. Kuchukua sauti ya kituo kingine kutoka mtandaoni bila ruhusa na kuipeperusha kama yenu ni wizi, hata kama jirani anafanya.

Usiku mmoja Ahero

Gharama hazisemi yote. Zipimeni njia hizi kwa usiku mmoja mgumu.

Tuseme kituo chenu kiko Ahero, katika uwanda wa Kano. Ni Mei, saa tatu usiku. Mvua imenyesha mchana kutwa juu kule Nandi, na kila mkaazi wa Kano anajua maana yake: maji hayo yatashuka kupitia Muhoroni na Mto Nyando utayaleta mlangoni. Kwenye kundi la WhatsApp la wasikilizaji inatua picha ya nyumba iliyozama hadi dirishani, na chini yake maandishi: mto umevunja kingo, watu wa Ombaka wahame sasa hivi.

Kituo cha kuazima hakifanyi chochote. Studio ina fundi mmoja, au haina mtu kabisa, kompyuta inacheza nyimbo zilizopangwa. Taarifa ya saa moja imeshapita. Ahero itatajwa kesho, kwa sentensi mbili, ndani ya habari ya mafuriko nchini, na msomaji wa Nairobi huenda akaitamka visivyo.

Kituo cha wa mashinani kinawaka moto. Mwandishi wa Ombaka anapiga simu, maji ameyaona kwa macho, sauti yake inatetemeka na nyuma yake mbwa wanabweka. Hiyo ni habari ambayo hakuna chombo kingine duniani kinacho. Lakini aliye studio ni kijana wa kipindi cha rhumba. Anaipokea simu hewani moja kwa moja, anasoma na ile picha ya WhatsApp, anaongeza na ya kwake: jamani kimbieni barabarani! Je, picha ni ya leo au ni ya mafuriko ya 2020, inayoibuka kila mvua? Barabara anayowaambia wakimbilie imeshakatika au bado? Shule gani imefunguliwa kupokea watu? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna ambaye kuuliza ni kazi yake.

Kituo chenye mhariri wa kulipwa kinachelewa dakika kumi na tano. Mhariri yuko nyumbani, anaamshwa, anaanza kupiga simu. Naibu wa chifu hapokei. Anampata mtu wa Msalaba Mwekundu. Anampigia anayemjua Muhoroni amwambie kina cha mto pale darajani, maana maji yaliyopita Muhoroni bado yana safari kabla hayajafika kwenu, na safari hiyo ndiyo nafasi ya watu kuhama. Kisha anaandika mistari minne: maji yameingia wapi, hayajaingia wapi, njia ipi inapitika, watu waende wapi. Inasomwa kwa Kiswahili, inasomwa kwa Dholuo, inarudiwa kila baada ya nyimbo mbili.

Sasa angalieni vizuri. Huyo mhariri asiyekuwa na mtu wa Ombaka angeanzia wapi? Angesubiri taarifa ya polisi asubuhi. Na mtu wa Ombaka bila mhariri ni sauti ya kutisha usiku. Kamba hukatikia pembamba, na katika redio ndogo pembamba ni pale kati ya simu inayoingia na maiki iliyofunguliwa. Pesa yenu ya kwanza iwekeni hapo.

Wapo walioliona hili zamani. Idara ya Hali ya Anga ilipoanzisha vituo vya jamii chini ya mpango wa RANET, wa kufikisha taarifa za hali ya anga vijijini kwa redio na intaneti, kimojawapo kilikuwa Bulala FM huko Budalangi, ambako Mto Nzoia na matuta yake ni habari kila msimu. Redio ilijengwa pale onyo linapohitajika, kwa lugha ya wanaohama. Hakuna taarifa ya kuazima inayoweza kufanya kazi hiyo, hata isomwe kwa Kiswahili fasaha namna gani.

Jina ambalo halikutajwa

Mji mdogo una shida ambayo vitabu vya uanahabari vilivyoandikwa kwa ajili ya miji mikubwa haviioni sana, na ni hapa wa mashinani wasio na mafunzo huwa hatari kuliko wanavyojua.

Chukueni kesi ya mtoto aliyenajisiwa. Sheria inalinda utambulisho wake, na kanuni za maadili ya uanahabari vilevile. Mwandishi wa kijijini anajua hivyo, kwa hivyo hataji jina. Anasema: "msichana wa darasa la sita, binti wa fundi cherehani wa hapa sokoni." Amelificha jina na amemtaja mtoto, kwa sababu sokoni kuna fundi cherehani mmoja. Nairobi maneno hayo hayamfichui mtu. Kwenu yanamfikia mwenyewe kabla taarifa haijaisha, naye kesho ana shule.

Ajali za bodaboda nazo ni hivyo. "Mwendeshaji aliyefariki alikuwa na pikipiki ya bluu yenye maandishi ya Arsenal." Mama yake anasikiliza redio akipika ugali. Ripota aliyefundwa anajua kusubiri hadi familia ipewe habari, na mhariri anajua kulikata hilo hata ripota akisahau. Kijana wa kujitolea anaona kuwa akichelewa, kituo cha jirani kitamtangulia.

Hili linafundishika, tena kwa siku moja, mkikaa na mifano ya kwenu wenyewe. Lakini lazima awepo wa kufundisha, na huyo ni mhariri tena.

Na mkidhani ni mambo madogo, kumbukeni kuwa anayewajibika mbele ya mamlaka ni mwenye leseni, wala si aliyepiga simu. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Majaji waliifuta kesi Aprili 2016, lakini miaka aliyoikaa nayo ilikuwa imeshapita. Tangu wakati huo tuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inayokataza matamshi ya chuki, na mpiga simu mmoja mwenye hasira kuhusu mipaka ya mashamba anaweza kukiingiza kituo matatani. Msimu wa kampeni, simu za moja kwa moja bila mtu wa kuzichuja ni jambo ambalo mimi ningelifuta kwenye ratiba.

Bahasha na uvumilivu

Tuzungumzie bahasha, maana kwenye mikutano ya kamati haizungumzwi. Mwakilishi wadi anafungua choo cha soko. Waandishi wanaitwa, na mwisho kila mmoja anapewa "nauli". Nani ataikataa? Aliyelipwa mshahara ana uwezo wa kuikataa, japo si wote watakaoikataa. Asiyelipwa, aliyetembea kilomita sita kufika pale, mnamwomba awe malaika kwa niaba yenu. Nimeona vituo vinavyolaani bahasha kwa ukali huku havijawahi kumtumia mwandishi wao hata pesa za bando. Mkitaka taarifa safi kutoka mashinani, nauli itoke kwenu kabla haijatoka kwa mheshimiwa. Hakuna semina ya maadili inayoshinda hilo.

Halafu kuna habari ambazo haziji kwa mbio. Zahanati haina dawa, kaunti inasema pesa zilitolewa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuandikia ofisi ya umma na kudai stakabadhi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa maisha au uhuru wa mtu uko hatarini. Ni silaha nzuri sana, na redio ndogo karibu haziitumii. Sababu ni kwamba barua inahitaji mtu: wa kuiandika, kuipeleka ikagongwe muhuri, kuandika tarehe kwenye daftari, na siku ya 22 kwenda kuuliza. Mwandishi wa mashinani atakuambia zahanati haina dawa. Atakayekumbuka kurudi baada ya wiki tatu ni aliyeajiriwa. Taarifa ya kuazima haijui zahanati yenu ipo.

Lakini waajiriwa wana ugonjwa wao. Wakishazoea, habari zao zote huanza ofisini: kamishna wa kaunti amesema, gavana amezindua, kamanda wa polisi ameonya. Sikilizeni taarifa ya wiki nzima, muhesabu ni habari ngapi zimeanza na mtu mwenye cheo, ni ngapi zimeanza na mkulima wa miwa anayesubiri malipo au mama anayeuza omena Dunga. Kituo chenye wa mashinani hodari kinashinda kwa mbali katika hesabu hiyo. Ila angalieni mnaowachagua. Mkitangaza nafasi tu, watakuja vijana wa kiume wenye simu na pikipiki, na taarifa itajaa ajali, mpira na siasa. Bei ya mahindi, maji, kliniki, karo, hayo anayajua mama wa sokoni. Mtafuteni yeye kwa makusudi, hata kama simu yake ni ya kitufe na habari yake mtaichukua kwa kupiga, si kwa WhatsApp.

Na mjue kuwa mzuri hakai. Kijana akishaiva atachukuliwa na kituo cha biashara mjini Kisumu au na ofisi ya mawasiliano ya gavana, na hamna mshahara wa kumzuia. Msimlaumu. Wanafunzi wa nyanjani kutoka Masinde Muliro au Maseno husaidia kuziba pengo kwa miezi yao, wanajua kompyuta na kukata sauti, ila ndio wanaanza kuwajua watu wa mtaa na muda unaisha.

Kuazima kunaposhinda

Nimekisema vibaya kituo cha kuazima, na sasa nikitendee haki. Asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 2025 Raila Odinga alifariki Kerala, India. Hakuna redio ya jamii ya Nyanza iliyokuwa na mwandishi kule, na uvumi wa kifo chake ulikuwa umeshazushwa mara kadhaa kabla. Siku kama hiyo, shirika lenye waandishi mbali na wahariri wengi lina thamani kubwa, na kituo kidogo kilichotaka kujifanya kinajua zaidi ya wenye kujua kingeweza kuaibika vibaya. Siku tatu baadaye mambo yaligeuka. Watu walikuwa uwanjani Mamboleo, kisha mazishi Bondo tarehe 19, na aliyetaka kujua njia ipi imefungwa au mzee wa jirani amezimia na amepelekwa wapi alihitaji redio ya hapa hapa.

Kwa hivyo azimeni ya mbali: bunge, mahakama kuu, dunia. Lakini msitegemee mkono mmoja. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa na serikali yake yenyewe, wafanyakazi wakapelekwa likizo ya lazima, na Idhaa ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na nyingine. Kituo kilichokuwa kimejaza saa zake za habari kwa matangazo hayo kilibaki na pengo la kujaza kwa santuri. Chanzo kingine ni Shirika la Habari la Kenya, KNA, lililoanza 1963 na ambalo lina waandishi katika kaunti. Habari zake zina picha na majina yaliyothibitishwa, zinafaa kwa mambo ya kilimo na maendeleo. Ni shirika la serikali, kwa hivyo msitarajie liwaambie serikali imekosea wapi. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na kutafsiri nako ni kazi ya mtu.

Mkiwa hivi, fanyeni hivi

Kama kituo hakina hata shilingi ya mshahara, msianze na waandishi kumi. Anzeni na kuazima taarifa moja ya usiku, mkiwa na makubaliano, na mwongeze dakika tano za kwenu mchana: bei za soko, vifo, maji, umeme, mikutano ya chifu. Mtu mmoja wa kamati apewe jukumu la kuidhinisha kila kinachosomwa, kwa jina lake. Dakika tano zilizohakikishwa zinatosha kabisa. Taarifa ya nusu saa iliyojazwa maneno ya Facebook itawamaliza.

Kama mna pesa ya mtu mmoja, awe mhariri, asiwe ripota. Kamati nyingi hufanya kinyume, wanamchukua kijana mwepesi wa miguu, wanampa maiki yenye nembo, anaonekana kila hafla na kituo kinajulikana. Anayebaki studio hana wa kumwongoza. Mhariri mmoja na waandishi watano wa mashinani wanaotumiwa nauli kila mwezi bila kukosa, hiyo ndiyo timu ambayo ningeichagua mimi kwa mji kama Butere, Ahero au Luanda. Watano, wala si kumi, kwa sababu mhariri mmoja hawezi kuwasikiliza kumi kila siku, na asiyesikilizwa huacha.

Mkiwa na pesa ya wawili, wa pili awe ripota, tena mwanamke kama mhariri ni mwanamume, au kinyume chake. Kuna nyumba ambazo ripota wa kiume hataketi akaambiwa ukweli, na kuna vijiwe vya boda ambavyo vitamchelewesha wa kike. Kuazima kubaki kwa habari za mbali tu.

Miji mikubwa kama Nakuru na Kisumu ni hadithi nyingine. Huko kuna vituo vya biashara vyenye magari na waandishi wa kutosha, na redio ya jamii ikijaribu kushindana nao kwenye habari za bunge la kaunti itaachwa nyuma. Chagueni mtaa mmoja au mitatu, mwihesabu kuwa ndiyo dunia yenu.

Chochote mtakachochagua, namba ya simu ya dawati la habari iwe ya kituo. Laini isajiliwe kwa jina la kituo, simu ilale studio, na mawasiliano ya naibu wa chifu, muuguzi, mtu wa Msalaba Mwekundu na waandishi wote wa mashinani yaandikwe pia kwenye daftari la karatasi. Mhariri akipata kazi Kisumu mwezi ujao, aondoke na barua ya sifa na malimbikizo yake. Namba zibaki.